Muulizie Mnyama Kwanza: Maandalizi ya Mwanafunzi Anayekwenda Kujitolea Nje ya Nchi

Binti wa kaka yangu alikuja nyumbani Jumapili moja, na hata kabla ya kuketi akaninyooshea simu yake. "Shikamoo shangazi. Hebu tazama hapa." Kwenye kioo kulikuwa na picha ya msichana wa rika lake, amekaa kwenye nyasi, amempakata mtoto wa simba na kumnywesha maziwa kwa chupa. Chini yake pameandikwa kwamba wanafunzi wanakaribishwa Afrika Kusini kwa wiki nne kulea simba yatima, malazi na chakula vimo ndani ya ada. Yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea wanyamapori, na macho yalikuwa yanamng'aa.

"Marahaba mwanangu," nikamjibu. "Mama yake huyu simba yuko wapi?"

"Wanasema ni yatima."

"Na hawa watano wa picha ya pili?"

Akaitazama tena ile picha. "Hawa nao yatima, shangazi."

Hapo ndipo nilipomtengea kiti tukazungumza mpaka chai ikapoa. Mimi mwenyewe, miaka iliyopita, nilikaa miezi miwili Cape Town kwenye kituo kinachotibu ndege wa bahari, na niliondoka Dar es Salaam nikiwa nimejiandaa vibaya. Nilikuwa nimewaza sana kuhusu begi langu, na kuhusu wale ndege nilikuwa sijawaza kitu. Haya ninayoyaandika ni yale niliyomwambia yeye, pamoja na machache niliyoyakumbuka usiku alipokwisha kuondoka.

Kazi ya kwanza ya maandalizi haina gharama. Ni kujua mnyama unayekwenda kumhudumia ametoka wapi na anakwenda wapi. Tuwatazame hao simba. Porini, simba jike hukaa na watoto wake kiasi cha miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Kwenye mashamba ya kuzalisha simba, watoto huchukuliwa siku chache tu baada ya kuzaliwa, na mama, kwa kuwa hanyonyeshi, hurudi kwenye joto upesi na kupandwa tena. Watoto wale ndio wanaopewa wageni wawanyweshe maziwa, na mgeni hulipa ili apewe kazi hiyo. Wakikua kidogo, watalii hulipa kuwapapasa na kutembea nao. Wakishakuwa wakubwa kiasi cha kutisha, wengine huuzwa kwa wawindaji wanaowapiga risasi ndani ya uzio ambamo hawana pa kukimbilia, na mifupa ikasafirishwa kwenda Asia. Filamu ya Blood Lions ya mwaka 2015 iliyaweka haya hadharani, na mwaka 2021 jopo lililoundwa na serikali ya Afrika Kusini lilipendekeza biashara hiyo ikomeshwe. Inakadiriwa kwamba simba kati ya 8,000 na 12,000 wanafugwa nchini humo, wengi kuliko walio huru porini. Hakuna msitu unaowasubiri. Simba aliyelelewa kwa chupa hamwogopi binadamu, na simba asiyemwogopa binadamu hawezi kuachiwa karibu na kijiji cha mtu.

Kwa hiyo mwanafunzi anayemnywesha maziwa mtoto yule anaamini anamwokoa, kumbe ada yake ndiyo inayolipia mtoto mwingine atolewe kwa mama yake mwezi ujao. Jambo hili linaniuma sana, kwa sababu wanaonaswa ni vijana wenye huruma. Asiyejali wanyama hawezi kunaswa humo.

Tulikaa pale mezani tukaandika barua pepe pamoja. Tuliuliza: wanyama wenu wanatoka wapi, na wanafikaje kwenu? Je, mnawazalisha? Mwaka uliopita mmewaachia wangapi, na wapi? Nani anaruhusiwa kuwagusa, na kwa sababu gani? Daktari wa mifugo yupo hapo kila siku au huitwa? Mna kibali gani, na kimetolewa na mamlaka ipi? Msipopata watu wa kujitolea, nani hufanya kazi hiyo? Swali hilo la mwisho ninalipenda kwa namna ya pekee. Kituo chenye kazi ya kweli kina wafanyakazi wa kudumu, wenyeji wanaolipwa mshahara, nawe unakwenda kuwaongezea mikono. Kazi ikisimama pindi wageni wanaolipa wasipokuja, ujue iliundwa kwa ajili ya wageni.

Majibu yakirudi, soma kwanza wanakukataza nini. Kituo kizuri kitakuandikia makatazo: huruhusiwi kupiga picha na mgonjwa, huruhusiwi kusema kwa sauti karibu na vizimba, huruhusiwi kumgusa mnyama mpaka ufundishwe, na wengine hutawagusa kabisa. Kituo kibaya kitakuongezea picha. Wale wa simba walijibu siku ileile. Hawakugusa hata swali moja, ila walisema kuna punguzo kwa atakayelipa kabla ya mwisho wa mwezi. Binti akasoma, akaifunga simu, akakaa kimya kwa muda mrefu. Nilimwacha, kwa kuwa alikuwa ameishi na picha ile wiki nzima.

Kisha nikamweleza habari za pengwini.

Wengi wetu tunamjua pengwini kama ndege wa barafu. Yupo wa Afrika pia, mwenye urefu wa kama sentimita 60 na uzito wa kilo mbili na nusu hadi tatu na kidogo, na hazai popote duniani isipokuwa kwenye pwani na visiwa vya Namibia na Afrika Kusini. Mwaka 2024 aliwekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, baada ya kubaki pungufu ya jozi 10,000 zinazozaa. Watu walimchukulia mayai kwa miongo mingi, hadi miaka ya 1960. Walikwangua samadi ya ndege ambayo alikuwa anachimba viota vyake ndani yake, wakaiuza kama mbolea, naye akabaki kutaga juani. Siku hizi tatizo kubwa ni chakula. Pengwini anakula samaki wadogo wa makundi, ndugu wa dagaa wetu, na meli za uvuvi zinawataka samaki haohao. Mwezi Machi 2025 mahakama kuu ya Pretoria ilithibitisha makubaliano ya kufunga uvuvi wa samaki hao kuzunguka makoloni sita ya pengwini kwa miaka kumi. Waliopeleka kesi hiyo mahakamani ni BirdLife South Africa na SANCCOB, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1968 kuokoa ndege wa bahari.

Ukitaka kujua kama mtu wa kujitolea ana faida yoyote, soma yaliyotokea Juni 2000. Meli ya mizigo iitwayo Treasure ilizama kati ya kisiwa cha Robben na kisiwa cha Dassen, mafuta yakasambaa katikati ya msimu wa kuzaa. Pengwini wapatao 19,000 walipakwa mafuta. Wengine kama 19,500, ambao walikuwa bado wasafi, walikamatwa wakapelekwa kwa malori hadi Port Elizabeth, ambayo sasa inaitwa Gqeberha, wakaachiwa baharini huko ili wakati wakirudi nyumbani kwa kuogelea maji yawe yamesafishwa. Watatu wao, Peter, Pamela na Percy, walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, na watu wakawa wanaamka asubuhi kuuliza wamefika wapi. Maelfu ya watu walijitokeza kuosha na kulisha wale wengine. Kila ndege alipakwa kwanza mafuta ya kupikia ili kulainisha yale meusi, kisha akaoshwa kwa sabuni ya vyombo, na usoni akasuguliwa taratibu kwa mswaki. Zaidi ya tisa katika kila kumi walipona. Idadi ile isingewezekana kwa wafanyakazi wa mshahara peke yao.

Ukishachagua mahali, chagua wakati, na kalenda ya kufuata ni ya mnyama. Pengwini hubadili manyoya yote kwa mpigo mmoja mara moja kwa mwaka. Kwa wiki tatu hivi mwili wake hauzuii maji, hawezi kuingia baharini, na hali chochote. Mzazi ambaye msimu huo umemkuta bado ana kinda mdogo humwacha, maana hana namna ya kumletea samaki. Makinda hao walioachwa hufikishwa vituoni hasa miezi ya mwisho wa mwaka, na hapo mikono huhitajika kuliko wakati mwingine wowote. Mwanafunzi anayeandika maombi akisema, "Nina likizo Desemba, na nimesoma kwamba ndio msimu wa makinda," anasomwa tofauti na aliyeandika kwamba anapenda sana wanyama tangu utotoni. Vituo vingi huhitaji uwe umetimiza miaka 18. Omba miezi sita kabla, au zaidi.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, ili usishangae. Saa moja asubuhi uko mlangoni, nje kuna upepo, na umevaa suruali na koti la plastiki, gambuti, kinga ya mikono hadi kiwikoni. Unaingia kizimbani unachuchumaa. Unamkamata pengwini kwa nyuma ya kichwa, kwa haraka na bila kumbana, unambeba mbali na uso wako, unakaa na kumweka kati ya mapaja yako akiwa amekupa mgongo. Pengwini wa porini hamtambui samaki aliyekufa kuwa ni chakula, kwa hiyo siku za mwanzo ni lazima alishwe. Unaufungua mdomo kwa vidole vya mkono mmoja, kwa mkono mwingine unamwingiza samaki akitangulia kichwa, ili magamba na mapezi yasimkwaruze koo. Unasubiri ameze. Unahisi shingo yake ikicheza chini ya vidole vyako, halafu unamchukua samaki wa pili. Ukilegea kidogo anageuka, na ncha ya mdomo wake, iliyopinda kama ndoana, inakupata penye nyama laini ya mkono. Nilirudi nyumbani na alama saba, mama yangu alizihesabu.

Ulishaji huo ndio sehemu tamu. Sehemu kubwa ya siku ni kusugua. Mikeka ya plastiki, mabeseni, sakafu, taulo kwa makumi, vyombo vya samaki. Kinyesi cha ndege anayekula samaki kina harufu inayoingia kwenye nywele na haitoki kwa sabuni moja. Ukishamaliza unaanza upya, kwa sababu ndege hawajaacha kula. Wapo vijana waliokuja kutoka mbali wakalia wiki ya kwanza, na wala sikuwalaumu, maana hakuna aliyewaambia. Wewe nimekuambia. Mwezi mmoja kabla ya safari amka saa kumi na moja, chuchumaa ukifua badala ya kusimama, safisha banda la kuku la nyumbani kila siku bila kutumwa. Kama umekua ukibeba ndoo za maji za lita 20, mgongo wako tayari unajua kitu ambacho wenzako wengi watajifunza kwa maumivu.

Na kama unaweza, pata mazoezi hapa kwetu kwanza. Malihai Clubs zimekuwa zikiwakutanisha wanafunzi wa Tanzania na wanyamapori tangu mwaka 1980, na Kenya kuna Wildlife Clubs tangu 1968. Mafia, na Watamu upande wa Kenya, kuna watu wanaolinda viota vya kasa. Wanatembea ufukweni alfajiri kutafuta nyayo za jike aliyepanda usiku kutaga, wanaweka alama, wanasubiri karibu miezi miwili mayai yaanguliwe. Wiki mbili za kazi hiyo zitakufundisha uvumilivu, na zitakupa mtu wa kukuandikia barua ya utambulisho ambaye amekuona ukifanya kazi. Tena utakuwa na la kusema. Kituoni utakaa na vijana kutoka Ulaya na Marekani, na wakisikia unatoka Tanzania au Kenya watakuuliza juu ya Serengeti, juu ya nyumbu, juu ya ujangili wa tembo. Niliulizwa, nami nilikuwa sijawahi kuvuka lango la hifadhi yoyote ya nchi yangu. Nenda ukiwa umekwisha kuona vya kwenu. Jua kwamba ng'amba ni kasa, na jua kwa nini gamba lake lilikuwa linauzwa.

Mambo ya karatasi nitayapitia upesi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita na kurasa mbili tupu. Mtanzania na Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara isiyozidi siku 90 kwa mwaka, lakini kuingia bila viza hakumaanishi kuruhusiwa kufanya kila kitu. Waulize kituo, kwa maandishi, wanafunzi wa nchi yako huingia kwa utaratibu gani, kisha uliza ubalozi uone kama majibu yanafanana. Ukikaa zaidi ya siku 90 unahitaji kibali maalumu. Mbele ya afisa wa uhamiaji sema ukweli ulio kwenye barua yako ya mwaliko. Ukisema "natembea tu" huku begini mna gambuti na barua ya kituo, umejitengenezea shida mwenyewe. Beba nakala za karatasi zote, na nyingine muachie mzazi.

Chanjo ya homa ya manjano Afrika Kusini humdai anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya, Uganda na Kongo zikiwamo, na humdai pia aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye kiwanja cha ndege cha nchi hizo akisubiri kuunganisha. Kwa hiyo Mtanzania anayepitia Nairobi asijiamini. Lazima uwe umechanjwa angalau siku 10 kabla ya kufika, na tangu mwaka 2016 kadi ya njano haina mwisho, ni ya maisha. Usinunue kadi bila kuchanjwa. Pepopunda chanja pia, kwa sababu utakwaruzwa. Kama unakwenda kwenye wanyama wanaonyonyesha, zungumza na daktari kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2024 ugonjwa huo ulithibitishwa kwa sili wa pwani ya Cape Town, wale wanaolala kwenye miamba na kuonekana wapole. Usimkaribie sili ufukweni hata kama anaonekana anaumwa. Piga simu kwa wahusika na ukae mbali.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengine. Wengi wetu nyumbani tunafuga kuku. Mafua ya ndege yameua maelfu kwa maelfu ya mnandi wa Cape tangu mwaka 2021, na pengwini wamo kati ya waliougua. Kiatu ulichoingilia bandani kwenu asubuhi ya safari kinaweza kubeba kinyesi kikavu mpaka kwenye mlango wa kituo kilichojaa ndege wagonjwa. Usiende nacho. Waambie kituo wazi kwamba mnafuga kuku, bata au njiwa, na uulize wanataka ukae siku ngapi bila kugusa ndege kabla ya kuanza kazi. Usibebe zawadi zenye manyoya, wala ngozi, wala kombe za baharini. Ukifika, kila mlango una beseni la dawa la kukanyaga, na utakanyaga hata mara mia kwa siku. Usiliruke hata mara moja, hata ukiwa na haraka, hata kama mwenzako ameliruka.

Pesa. Binti alikuja kwangu kwanza kwa sababu alijua baba yake atauliza, "Yaani tulipe ili ukafanye kazi?" Swali la kaka yangu ni la haki na linastahili jibu. Vituo vingi vya kweli hutoza ada, maana kukulaza, kukulisha na kukufundisha ni gharama kwao. Omba mchanganuo: kiasi gani kinakwenda kwenye malazi, kiasi gani kwa wanyama. Uliza kama kuna nafuu kwa mwanafunzi wa Afrika. Watu wengi hawaulizi, wakidhani bei iliyoandikwa haijadiliwi. Kisha ongeza nauli, bima ya safari itakayolipa hospitali na kukurudisha nyumbani, usafiri wa ndani, na akiba ya tiketi ya kurudi mapema, ambayo hutaigusa kwa lolote jingine. Andika yote kwenye karatasi moja kwa shilingi.

Ukiomba michango, omba kwa kuonyesha karatasi hiyo. Sisi ni watu wa kamati. Tunajua kuchangia harusi na msiba, na tutachangia na safari kama tunaona hesabu. Fungua kundi la simu, mteue mweka hazina asiye wewe, weka kila risiti. Waahidi wachangiaji jambo unaloweza kulitimiza, kwa mfano kwenda kuzungumza kwenye shule mbili utakaporudi, ukazitaje shule hizo kabisa. Usikope. Deni litakufanya ubaki mahali unapopaswa kuondoka.

Kwenye begi, nguo nzuri hazina kazi. Nenda mitumbani, Karume au Gikomba, ununue sweta mbili za sufu, koti la mvua la kweli, soksi nene na suruali tatu ambazo hutazisikitikia. Cape Town hunyesha Juni hadi Agosti, na baridi yake ina unyevu unaoingia mifupani. Hata Desemba, wakati wa jua kali, upepo wa kusini mashariki hukutafuta popote ulipo, na jua lenyewe linachoma kuliko unavyodhani kwa kuwa hewa ni baridi. Gambuti nunua mpya, za saizi moja zaidi ili soksi ienee. Plagi zao ni za pini tatu nene za mviringo, hazifanani na zetu, kwa hiyo tafuta adapta au ununue utakapofika. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiandikiwa muda wa kuanza kazi, uandike upya kwa saa ya Kiswahili na ile yao, pande mbili. Niliwahi kufika kazini nikiwa peke yangu gizani.

Kaka yangu aliuliza pia juu ya usalama, na alikuwa anakumbuka habari za wageni kushambuliwa mwaka 2008, 2015 na 2019. Sikumdanganya kwamba hayakutokea. Nilimwambia binti aulize kituo malazi yako mtaa gani, nani atampokea uwanjani, na kazini atakwenda kwa usafiri gani. Usitembee peke yako usiku, simu usiitoe barabarani, na weka kichwani namba mbili: polisi 10111, na 112 kwa simu ya mkononi. Kisha jifunze salamu. Kixhosa ni ndugu wa lugha yetu: mtu ni umntu, watu abantu, maji amanzi, nyama inyama. Mwambie mtu mmoja molo, wengi molweni, na ukipewa kitu sema enkosi. Mama aliyekuwa anafua taulo pale kituoni alinichukua kama mwanawe tangu siku niliyogundua kwamba tunahesabu karibu sawa, naye ndiye aliyenionyesha duka la mahindi. Kwa Mwislamu, Cape Town ina jamii kubwa ya Waislamu wa karne nyingi, na nyama halali na misikiti havina shida. Kama Ramadhani itakukuta kazini, mweleze msimamizi mapema akupangie zamu. Kuinama juani na ndoo za samaki huku umefunga kunataka mpango.

Jambo jingine ni simu na picha. Omba ruhusa kabla ya kila picha, na kama utakwenda kwenye hifadhi yenye faru, zima kabisa kipengele kinachoonyesha mahali ulipo. Picha moja yenye alama ya mahali inatosha kumwelekeza jangili. Picha ya wewe umemkumbatia mnyama usiipige hata ukiruhusiwa, maana utakuwa umemtengenezea mwanafunzi mwingine picha kama ile iliyoletwa kwangu Jumapili. Badala yake beba daftari. Andika kila jioni mistari mitano: ndege namba ngapi, alikula samaki wangapi, alikuwa na uzito gani, nini kilikushangaza, nini hukukielewa. Msimamizi wangu alinisahihisha mara nyingi kwa kulisoma daftari lile, na hata leo nikilifungua nanusa samaki.

Utakuta siku ambayo ndege uliyemlisha wiki mbili hayupo kizimbani asubuhi, na ubaoni namba yake imefutwa. Muulize msimamizi amekufa kwa nini, andika, kisha uende ukalishe wengine, wanasubiri.

Wiki iliyopita binti alinipigia. Maombi yake ya kituo cha ndege wa bahari yamekubaliwa, ataondoka mwisho wa Novemba, na kamati imeshakusanya nauli. Alikuwa Karume, na nyuma yake nilisikia muuzaji akimbembeleza juu ya bei. "Shangazi, gambuti hizi nikirudi nazo nitazivaa nyumbani?"

Nikamwambia zibaki hukohuko, amwachie anayekuja baada yake. Na viatu atakavyorudi navyo, avioshe kwa sabuni na dawa nje ya lango, na asiingie bandani kwa kuku wa mama yake mpaka siku alizoambiwa na kituo zipite.